Kiti kimoja nyuma ya piloti: nani apande, nani abaki?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa wa Kigonze na wa kambi zingine za hapa Ituri mnaosomewa maandiko haya kwenye simu ya jirani, leo naomba tuzungumze juu ya kiti kimoja tu. Si kiti cha ugavana wala cha ubunge. Ni kiti kidogo cha kukunjwa, kama kile cha katikati ndani ya taksi-basi, ambacho kiko katika chumba cha mapiloti wa ndege, nyuma ya migongo yao. Waamerika wanakiita jampusiti. Kiliwekwa kwa ajili ya inspekta au mwalimu anayekuja kutazama kazi. Lakini siku nyingi inspekta hayupo, kiti kinabaki wazi, na mlangoni kuna mapiloti wawili, watatu, wanaotaka kukikalia ili wafike kazini au warudi nyumbani. Nani apewe?

Najua kuna atakayesema: huyu mwandishi amekosa habari. Watu wanalala chini ya mahema yaliyotoboka, yeye anatuletea viti vya mapiloti wa Marekani! Mnivumilie kidogo. Sisi wa Bunia tunajua kuliko watu wengi maana ya kiti kimoja cha ndege. Ile barabara ya Komanda ikiwa na vita, na ile ya Mahagi ikiwa na watu wenye silaha, kiti cha ndege ndicho barabara yenyewe. Mgonjwa anakihitaji, mwanafunzi anakihitaji, mfanyabiashara anakihitaji. Na kila mahali ambapo kiti ni kimoja na watu ni kumi, kuna mtu anayeamua. Nimependa kutazama namna wenzetu wanavyoamua, kwa sababu wao wameandika. Katika maandishi yao kuna mazuri ya kuiga, na kuna ubaya ambao sisi tunaujua tayari kwa jina lingine.

Kwanza tuelewe kwa nini piloti anahitaji lifti. Piloti wa kampuni kubwa ya Marekani anapewa mji ambako kazi yake inaanzia: Chicago, Atlanta, Newark karibu na New York. Lakini wengi hawakai huko. Nyumba ni ghali, au bibi yake ana kazi mahali pengine, au watoto wameshazoea shule yao, au kampuni imemhamisha kituo na yeye hakutaka kuhamisha jamaa nzima. Basi anaishi mji mmoja na kazi iko mji mwingine, umbali kama wa kutoka hapa Bunia mpaka Lubumbashi, na mara nyingi zaidi. Kwa safari hiyo halipwi. Saa anazotumia njiani si saa za kazi. Akichelewa, lawama ni yake. Kwa hiyo anatafuta kiti cha bure: kama katika sehemu ya abiria kuna nafasi iliyobaki, anakaa huko, kama ndege imejaa, kinabaki kile cha kukunjwa nyuma ya wenzake.

Sasa lisiti. Wa kwanza kabisa ni inspekta wa FAA, idara ya serikali inayosimamia usafiri wa anga. Huyo sheria yenyewe imemtaja: akiwa kazini na akionyesha kadi yake, anapewa nafasi katika chumba cha mapiloti, hata kama kuna piloti aliyesubiri pale tangu alfajiri. Kapiteni hawezi kumkatalia kwa sababu hampendi; anaweza tu kama kuna hatari ya kweli kwa usalama. Baada yake wanafuata watu wa kampuni walio kazini, kama mwalimu anayepima wenzake. Kisha mapiloti wa kampuni ile ile wanaokwenda kazini au wanaorudi kwao. Kisha wale wa kampuni ndogo zinazoruka chini ya jina la kampuni kubwa. Mwisho wanakuja wageni, mapiloti wa kampuni zingine ambazo zina mapatano: mkiwabeba wetu, nasi tutawabeba wenu.

Kampuni hazifanani zote, kila moja ina kitabu chake, na mpangilio wa katikati unaweza kugeuka kidogo. Lakini swali gumu haliko juu ya lisiti. Liko kati ya watu walio sawa. Mapiloti wawili wa kampuni moja, wote wanataka kufika Newark usiku huu, kiti ni kimoja. Hapo kampuni zimegawanyika. Zingine zinasema aliyeajiriwa zamani apite. Zingine zinasema aliyejiandikisha mapema apite. Kwa wageni, mara nyingi ni aliyefika kwanza kwa ajenti wa mlangoni. Na kuna kampuni za mizigo, kama FedEx, ambazo ndege zao zina viti vya ziada nyuma ya mapiloti na mtu anaweza kujiandikia kiti kabla ya siku ya safari.

Mimi nasema wazi: kati ya hizo mbili, nachagua aliyefika kwanza. Katika kazi ya ndege kule Marekani, namba ya ukubwa kazini inaamua karibu kila kitu. Mwenye namba ya juu ndiye anachagua mji wa kukaa, ndege ya kuendesha, siku za kupumzika, Noeli ya kukaa na watoto. Sina neno juu ya hayo, amefanya kazi miaka mingi. Lakini kumwongezea na kiti cha kurudi nyumbani usiku ni kumpa nyama aliyeshiba. Mwenye namba ya juu anaweza kuchagua safari nyepesi na kukaa karibu na kituo chake. Anayebaki mlangoni na begi lake ni kijana mwenye mshahara mdogo, aliyepewa kituo cha mbali ambacho wakubwa hawakukitaka. Huyo ndiye kesho atakaa mbele, mkono kwenye usukani, na watu sabini nyuma yake.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, iliyokuwa inaruka kwa jina la Continental, ilitoka Newark usiku kwenda Buffalo. Ilianguka juu ya nyumba karibu kabisa na kufika. Watu 50 walikufa, 49 ndani ya ndege na mmoja ndani ya nyumba yake. Uchunguzi ulisema kapiteni alifanya kinyume pale ndege ilipomwonya kwamba mwendo umepungua mno: badala ya kushusha pua ya ndege, aliivuta juu. Hilo ndilo chanzo. Lakini wachunguzi walitazama pia mapiloti hao walikuwa wametoka wapi. Kapiteni aliishi Florida. Msaidizi wake, mwanamke kijana, aliishi karibu na Seattle, upande mwingine kabisa wa Marekani, na mshahara wake ulikuwa chini ya dola 25,000 kwa mwaka, ambao kule hauwezi kulipia nyumba ya maana karibu na New York. Usiku wa kuamkia siku ile alisafiri kwa ndege za FedEx, akabadilisha ndege Memphis saa za usiku wa manane, akafika Newark asubuhi. Chumba cha kulala hakuwa nacho. Alipumzika katika chumba cha wafanyakazi pale uwanjani. Usiku uliofuata alikuwa kazini, na katika sauti zilizorekodiwa anasikika akilalamika kwamba anaumwa.

Wachunguzi walisema uchovu labda uliwapunguzia nguvu mapiloti wote wawili, lakini hawakuweza kupima ni kwa kiasi gani. Sitaongeza chumvi juu ya hayo. Nataka tu muone kwamba lisiti ya kiti cha bure inaamua pia nani atalala na nani hatalala. Msichana yule alipata kiti. Mwenzake ambaye angekosa angefika amechoka zaidi, au asingefika.

Baada ya ajali ile, jamaa za waliokufa hawakunyamaza. Walikwenda Washington mara nyingi, wakakaa katika vikao, foto za watu wao mikononi, mpaka sheria mpya ikapitishwa mwaka 2010. Kutoka hapo ilikuja kanuni ya saa 1,500 za kuruka kabla ya mtu kukubaliwa kama piloti wa kampuni ya abiria, isipokuwa kwa njia chache kama ile ya mapiloti wa jeshi. Na kuanzia Januari 2014 kulikuja kanuni mpya za kupumzika: saa 10 kabla ya kazi, na kati yake nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Lakini safari ya kutoka nyumbani mpaka kituo cha kazi ilibaki mzigo wa piloti mwenyewe. Sheria inamwambia afike akiwa na nguvu; haimwambii atapita wapi. Sendika za mapiloti zilijaribu kuziba tundu hilo kwa kuandika katika mikataba yao kwamba piloti aliyejaribu ndege mbili akakosa nafasi zote mbili, na akatoa habari mapema, asiadhibiwe. Kwangu mimi hicho ndicho kifungu bora katika hadithi hii nzima. Kinakubali kwamba mtu anaweza kufanya yote yanayotakiwa na bado akakosa kiti.

Turudi mlangoni. Hata ukiwa wa kwanza kwenye lisiti, bado hujapanda. Lazima uende mwenyewe mpaka chumba cha mapiloti, useme jina lako na kampuni yako, uonyeshe kadi zako, umwombe kapiteni ruhusa. Ruhusa ni yake. Mapiloti wenyewe wanafundishana: usiingie tu na kukaa, hata kama ajenti ameshakupa karatasi. Omba. Na ukishakaa, chini ya mita kama 3,000, kupanda au kushuka, hakuna mazungumzo yasiyo ya kazi. Kapiteni akikuomba umsaidie kutazama nje, unatazama.

Mtu anaweza kufikiri hayo ni maringo ya wakubwa. Mimi sioni hivyo. Kapiteni ndiye atakayejibu kama kuna ubaya. Hatajibu ajenti, hatajibu shefu wa biro. Kumpa neno la mwisho mtu ambaye maisha yake yamo ndani ya ndege ile ile ni akili nzuri. Huku kwetu mara nyingi neno la mwisho lina mtu ambaye hatapanda.

Halafu kuna jambo la kilo. Kiti kinaweza kuwa wazi na bado hukipati, kwa sababu ndege imebeba mafuta mengi ya kukwepa mvua, au njia ya kurukia ni fupi, au joto limepunguza nguvu ya injini. Hapo mtu wa bure ndiye wa kwanza kushuka, na hakuna anayelia. Sisi tunaotumia ndege ndogo za viti 19 tungefaa kulielewa hilo kuliko Waamerika. Ajenti wetu akisema "mizigo imezidi", tunafikiri anatafuta matabishi. Wakati mwingine anatafuta kweli. Wakati mwingine anaokoa roho yako. Shida ni kwamba hatuna njia ya kujua ni ipi, kwa sababu hakuna karatasi ukutani inayosema mizigo ikizidi nani anashuka kwanza. Na watu wa Goma hawajasahau tarehe 24 Novemba 2019, pale ndege ndogo aina ya Dornier iliyokuwa inakwenda Beni ilipoanguka katika nyumba za watu mara tu baada ya kuruka.

Kuna watu watauliza: je, kumweka mgeni ndani ya chumba cha mapiloti si hatari? Swali ni la haki. Tarehe 7 Aprili 1994, mfanyakazi mmoja wa FedEx alipanda ndege ya mizigo ya kampuni yake kutoka Memphis akiwa katika kiti cha bure, na ndani ya kasha la gitaa alikuwa na nyundo na silaha ya kuvulia samaki. Aliwapiga mapiloti watatu vichwani. Wao, damu ikiwatoka, walipigana naye na kuirudisha ndege chini. Tarehe 22 Oktoba 2023, piloti wa Alaska Airlines ambaye hakuwa kazini alikuwa kwenye kiti cha kukunjwa katika ndege ya kampuni dada, Horizon, akajaribu kuvuta mikono ya kuzima injini zote mbili hewani. Wenzake walimzuia. Na baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, chumba cha mapiloti kilifungwa kabisa kwa watu wa kampuni zingine, mpaka ulipokuja mfumo wa kompyuta ambao ajenti wa mlangoni anaingiza namba ya piloti, na kompyuta inamletea foto na jibu: bado ameajiriwa, au hapana. Jibu likiwa hapana, hakuna kapiteni wala shefu anayeweza kumpitisha mpaka chumba kile.

Lakini upande wa pili upo, na mimi nauona mzito zaidi. Tarehe 28 Oktoba 2018, huko Indonesia, ndege ya Lion Air kutoka Denpasar kwenda Jakarta ilianza kusukuma pua yake chini bila kuamriwa. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na piloti wa tatu ambaye hakuwa katika kazi ya safari ile. Watatu hao kwa pamoja walitafuta ugonjwa, wakakata umeme wa chombo kilichokuwa kinaisukuma, wakafika. Kesho yake asubuhi ndege ile ile, ikiwa na mapiloti wawili tu, ilianguka baharini na watu 189. Sisemi kwamba macho ya tatu yangewaokoa hakika. Nasema piloti aliyekalishwa nyuma ya wenzake anaweza kuwa na faida kwa wote walio ndani.

Ubaya ninaouona mimi katika desturi ya Waamerika uko mahali pengine. Ni pale ruhusa ya kapiteni inapogeuka fimbo. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na migomo mikali ya mapiloti, Continental mwaka 1983, United mwaka 1985, Eastern mwaka 1989. Mapiloti waliovunja mgomo na kuingia kazini, majina yao yaliandikwa kwenye lisiti, na lisiti zikatembea mkono kwa mkono. Miaka mingi baadaye bado kulikuwa na makapiteni waliokuwa wanasoma jina, wanafunga mlango: wewe huwezi kupanda ndege yangu. Mimi ninawaheshimu watu wa sendika. Anayekula jasho la wenzake waliogoma, sina machozi kwa ajili yake. Lakini kiti cha kufika kazini si mahali pa kumhukumia mtu. Lisiti ya majina, mara ikishaandikwa kwa ajili ya adhabu, haifutiki. Inarithiwa. Hapa Ituri tumeona majina yakitumiwa namna hiyo: mtu anatazamwa jina lake, au kijiji alikotoka, kabla ya kuulizwa shida yake, na tumezika watu kwa ajili hiyo. Kwa hiyo nasema kapiteni aulizwe sababu. Akikataa kwa ajili ya kilo, aseme kilo. Akikataa kwa ajili ya usalama, aseme ameona nini. Akikosa sababu, asikatae.

Basi turudi kwetu. Hapa Bunia kuna ndege za namna mbili ambazo watu wanaziona kila siku. Kuna zile za kampuni za biashara, ambazo mwenye dola anapanda. Na kuna zile nyeupe za UNHAS, zinazoendeshwa na PAM kwa ajili ya watu wa misaada. Wengi mnaniuliza kwa nini ndege ile nyeupe haiwezi kumbeba mama fulani aliyehama makwao ambaye mtoto wake yuko Kisangani. Jibu ni kwamba zimewekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mashirika ya misaada, ya Umoja wa Mataifa, na wale wanaotoa pesa za misaada. Kiti hakiuzwi kwa raia. Anayetaka kupanda lazima aombewe na shirika lake, na mgonjwa anayehamishwa kwa haraka anatangulizwa mbele ya wengine. Mnaweza kutopenda mpangilio huo. Mimi mwenyewe nauona unawabana sana wale ambao misaada inasemwa ni yao. Lakini angalau unajulikana.

Zile za biashara ndizo zinanitia uchungu. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye kiwanja kimoja cha ndege, ambacho sitakitaja wala kampuni yake. Nilikuwa na tiketi iliyolipwa, jina langu lilikuwa la nne kwenye lisiti. Tulipanga mstari, tukapimwa mizigo, sisi wenyewe tukapanda juu ya mizani. Ajenti akapokea simu. Akasema "ndiyo mkubwa" mara tatu. Baada ya dakika kama kumi gari lenye vioo vyeusi lilifika, watu watatu wakashuka, na sisi watatu tukaambiwa turudi siku ya Alhamisi. Mmoja kati yetu alikuwa mzee anayekwenda kupasuliwa. Hakuna aliyetupa sababu. Hakuna aliyeomba msamaha. Mzee yule aliniuliza swali moja, nami sikuwa na jibu: "Mtoto wangu, kama tiketi si kiti, tulinunua nini?"

Angalieni tofauti. Kule Marekani kiti cha kukunjwa ni fadhila. Piloti mgeni hakukilipia, hana haki nacho, anaomba kwa heshima. Na bado fadhila hiyo ina lisiti, ina saa ya kujiandikisha, ina foto kwenye kompyuta, ina kapiteni anayejibu. Kwetu kiti kimelipwa kwa pesa za kuuza mbuzi, na hakina kanuni hata moja ambayo mwenye tiketi anaweza kuisoma.

Na hili haliko kwenye ndege tu. Ninyi wa kambini mnalijua kuliko mimi. Siku ya kugawa unga, jetoni zinaitwa kwa mpangilio gani? Wajane kwanza? Waliofika mwaka huu kwanza? Wale wa bloku ya shefu? Mara nyingi mnapata kujua mpangilio baada ya magunia kwisha. Mama mmoja aliniambia kwamba yeye haumii sana kwa kukosa. Anaumia kwa kukosa bila kujua alikuwa wa ngapi. Nimefikiri sana juu ya maneno yake wakati nilipokuwa nasoma juu ya mapiloti hawa. Piloti aliyebaki mlangoni Chicago usiku, akitazama ndege ikirudi nyuma na kuondoka, anajua alikuwa wa ngapi. Anaenda kutafuta ndege ya pili. Hampigii mtu simu ili ashushwe mwingine.

Kuna msikilizaji mmoja, mtu wa biashara, ambaye nilizungumza naye juu ya maandiko haya kabla ya kuyatoa. Alicheka. Alisema kanuni ni kitu cha nchi ambazo zina ndege nyingi. Sisi wenye ndege chache lazima tujue watu. Mimi naona kinyume. Mahali penye ndege kumi kwa siku, aliyekosa moja atapata nyingine kabla ya jua kuzama, hata kama ajenti ni mwizi. Mahali penye ndege mbili kwa juma, kosa moja la ajenti ni siku tatu za mgonjwa bila daktari. Sisi ndio tunaohitaji lisiti iliyoandikwa.

Naye aliongeza neno lingine ambalo nalikubali nusu. Alisema hata mkiweka karatasi ukutani, mkubwa atakuja na gari lake, na karatasi itabaki karatasi. Ni kweli. Karatasi haimzuii mwenye bunduki. Lakini inamsaidia ajenti. Yule kijana aliyekuwa anasema "ndiyo mkubwa" hakuwa mtu mbaya; nilimwona jasho likimtoka. Angekuwa na karatasi iliyosainiwa na kampuni na na wakubwa wa uwanja, angeweza kusema: "Mkubwa, naona hapa ninyi ni wa tano, niletee sahihi ya anayebadilisha." Labda mmoja kati ya wakubwa watatu angeona haya. Mmoja kati ya watatu ni kiti kimoja, na kiti kimoja kingemtosha yule mzee.

Kwa hiyo ninachoomba kwa kampuni zinazoruka kutoka hapa Bunia ni kidogo. Ukuta wa chumba cha kungojea ni mrefu, na makaratasi ya matangazo ya simu yameujaza. Wabandike na moja la kwao, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: ndege ikijaa, au kilo zikizidi, anayeshuka kwanza ni nani, wa pili ni nani, na mgonjwa mwenye barua ya daktari yuko wapi katika mstari huo. Waandike pia jina la mtu anayeweza kubadilisha lisiti, na kwamba anayebadilisha anaandika sababu. Aliyeshushwa aambiwe siku na saa ya kiti chake kingine, na asilipe mara ya pili.

Kwa mashirika yanayogawa misaada, ombi ni lile lile: mpangilio usomwe kwa sauti kabla gunia la kwanza halijafunguliwa.

Nimepeleka maswali haya kwa ajenti wawili wa kampuni za hapa. Mmoja alisema atamwuliza shefu wake. Mwingine aliniuliza kama nilikuwa natafuta tiketi.